Mtoto Aliyenyamaza Baada ya Upasuaji wa Ubongo: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Jioni ya siku aliyotoka chumba cha upasuaji, mwanangu aliomba maji. Sauti ilikuwa inakwaruza kwa sababu ya mpira aliokuwa amewekewa kooni, lakini maneno yalikuwa yake mwenyewe: "Mama, maji. Na viatu vyangu viko wapi?" Alikuwa na miaka sita. Nilimpigia baba yake simu nikamwambia ameongea, Mungu mkubwa. Kesho yake aliongea kidogo tu. Keshokutwa asubuhi nilimwita, akanitazama, midomo ikabaki imefungwa. Alikaa hivyo wiki saba.

Naandika kwa ajili ya mzazi aliye wodini sasa hivi, ambaye mtoto wake ametolewa uvimbe wa nyuma ya kichwa, akaongea, kisha akanyamaza. Yaliyomo humu nimefundishwa na madaktari, wauguzi na mtaalamu wa tiba ya usemi, na mengine nimeyajua kwa kukaa kando ya kitanda. Mahali ambapo daktari wa mtoto wako amekwambia tofauti, mfuate yeye.

Kwanza, elewa kilichotokea

Hali hii wataalamu wanaiita ububu wa serebelamu. Serebelamu ni ubongo mdogo ulioko kisogoni, juu ya shingo. Kazi yake inayojulikana na wengi ni kuupa mwili mizani, mtu atembee bila kuyumba na ashike kikombe bila kumwaga. Lakini humo pia zinaanzia nyaya nene zinazopanda hadi ubongo wa mbele, unaoanzisha maneno na kutuliza hisia. Uvimbe ukikaa katikati ya serebelamu, au ukijaza uwazi wa maji ulio mbele yake, mpasuaji hawezi kuufikia bila kupita jirani na nyaya hizo. Zikiumia, au nyama zinazozizunguka zikivimba siku zinazofuata, mawasiliano hukatika. Ndiyo sababu mtoto huamka anaongea, halafu hunyamaza baada ya siku moja au mbili, wakati mwingine hata karibu na wiki.

Wanaopatwa zaidi ni watoto wenye uvimbe aina ya meduloblastoma, saratani ya ubongo inayoongoza kwa watoto. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, watoto 450 wenye uvimbe huo walifuatiliwa baada ya upasuaji, na 107 walipatwa na hali hii. Ni karibu mtoto mmoja kati ya wanne. Huwapata hata wanaopasuliwa na mabingwa katika hospitali zenye kila kifaa, kwa hiyo usijenge chuki na daktari wako kabla hujamsikiliza.

Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kuhusu dalili zake. Mbili ndizo kuu: mtoto hasemi, au anasema kidogo mno, na hisia zake hazitulii. Mara nyingi mwili pia hulegea na kumeza huwa kwa shida. Walikubaliana vilevile kwamba ububu wenyewe hupita. Wapo wanaorudisha neno la kwanza baada ya siku chache, wengi huchukua wiki, wengine miezi. Lakini kupita kwa ububu hakumaanishi usemi unarudi kama ulivyokuwa. Nilipoambiwa hivyo nililia, na bado naona ni heri niliambiwa mapema.

Shika jambo moja kuliko yote: mtoto huyu kwa kawaida anasikia, na mengi anayaelewa. Usiruhusu mtu asimame miguuni pake na kuuliza, "Huyu atapona kweli?"

Hakikisha kimya si cha jambo jingine

Mtoto aliyepasuliwa kichwa anaweza kunyamaza kwa sababu zinazotaka haraka. Maji yanaweza kujaa kichwani, damu ikavuja ndani, vijidudu vikaingia kwenye utando wa ubongo, au akapata degedege lisiloonekana waziwazi. Kwa hiyo siku anayonyamaza, usikae ukisubiri raundi ya kesho. Mwambie muuguzi saa ileile, na umtajie saa uliyosikia neno la mwisho. Uliza hivi: "Je, anahitaji picha ya CT au MRI? Maji kichwani yanapita? Jeraha liko salama?"

Dalili za kumwita daktari usiku wa manane, na baadaye za kumrudisha hospitali ukiwa nyumbani, ni hizi: kutapika tena na tena, usingizi mzito usioamshika vizuri, kichwa kinachomfanya akunje uso na kulia, homa, shingo kukaza, majimaji yasiyo na rangi yanayotoka kwenye jeraha, kisogo kinachozidi kujaa, degedege, au macho yanayobaki yakitazama chini. Kama amewekewa shanti, yaani mpira wa kupunguza maji ya kichwani, usimpe hata siku moja ya "tuone kwanza".

Kama upasuaji bado

Una nafasi ambayo mimi sikuipata. Mrekodi kwa simu akisimulia jambo lolote kwa dakika tano, maana mtaalamu wa usemi atataka kujua alivyokuwa akiongea zamani. Mfundishe ishara ya ndiyo na hapana kama mchezo. Kisha muulize daktari bila kuzunguka: "Uvimbe umekaa katikati? Umeshika shina la ubongo? Je, anaweza kupoteza usemi?" Swali hilo halimletei mtoto mkosi, linakupa wewe kujiandaa.

Jenga ndiyo na hapana siku ileile

Msisubiri sauti ndipo muanze kuelewana. Kaa mbele yake, uso wako usawa na wake, uangalie ni kiungo gani kinamtii. Baadhi ya watoto hawa hata kufumba macho kwa kuambiwa hawawezi, ingawa wakipulizwa na upepo yanafumba yenyewe. Ubongo unashindwa kuanzisha kitendo. Msimhukumu kwamba anakataa. Wangu alikuwa na kidole gumba cha kushoto, basi. Kikiinuka ni ndiyo, kikitulia ni hapana.

Uliza swali moja fupi, kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, ikibidi kumi na tano. Hapa ndipo wengi tunapoharibu: tunauliza, hajibu, tunauliza tena kwa maneno mengine, naye alikuwa ndiyo kwanza anakusanya jibu la swali la kwanza. Nilipima kwa kutazama saa na nikaona gumba la mwanangu linainuka kwenye sekunde ya tisa. Kwa siku nne nilikuwa nikimkatiza kwenye ya tatu.

Baada ya hapo tengeneza ubao. Boksi la biskuti na picha zilizokatwa kwenye kalenda kuukuu zinatosha. Anza na mbili tu, kubwa, zilizoachana, kwa kuwa macho yake huenda yanaona vitu viwili viwili. Maji na choo. Zikizoeleka, ongeza "naumwa", "nigeuze", "nataka kulala" na "acha". Hiyo ya mwisho isikosekane: mtoto anayechomwa sindano kutwa anahitaji njia ya kusema acha, hata pale ambapo hatuwezi kuacha.

Bandika karatasi juu ya kitanda kwa herufi kubwa: ANASIKIA. GUMBA LA KUSHOTO NI NDIYO. MSUBIRI. Wauguzi wa zamu ya usiku hawakuwa wanamjua, na karatasi ile ilituokolea mengi.

Kilio kisichobembelezeka

Kitakachokuvunja moyo si kimya peke yake. Mtoto asiyetoa neno anaweza kulia kwa sauti nyembamba, ya juu, saa nzima, akikunja mgongo, akimkataa hata mama yake. Bibi yake alipofika kutoka kijijini aliinama akamwambia, "Mume wangu, mbona umeninunia?" Mtoto akageuzia uso ukutani, akaanza kulia. Bibi alitoka nje akaketi kwenye benchi akiamini mjukuu amemkasirikia. Nilimfuata nikamweleza kwamba breki za hisia zimelegea humo humo kichwani, mtoto hachagui.

Akilia, pitia kwanza ya mwili: maumivu, njaa, kibofu kujaa, choo kigumu, nepi iliyolowa, mkono uliolaliwa. Hawezi kukutajia, kwa hiyo gusa na uulize kimoja kimoja. Ukiona yote sawa, punguza dunia inayomzunguka. Mgeni mmoja kwa wakati, simu zizimwe, mwanga upungue, asiguswe na mikono mitatu kwa pamoja. Usimwambie anadeka.

Wengine watasema ni jini, ni jicho, ni mtu. Anayetaka kuomba aombe, nami niliomba sana. Lakini mtoto huyu asinyweshwe kombe, mafuta wala dawa ya mitishamba. Nje ya sababu zote nyingine, hawezi kumeza salama. Dawa ya hospitali iliyothibitika kurudisha usemi pia haipo. Wapo madaktari waliojaribu bromokriptini au zolpidemu kwa mtoto mmojammoja. Huo ni uamuzi wa bingwa, si wa duka la dawa.

Chakula: hapa ndipo kuna hatari

Misuli ya kinywa na koo inayoshindwa kutamka ndiyo hiyohiyo inayomeza. Siku ya tano nilimpa mwanangu kwa siri vijiko vitatu vya juisi ya embe, kwa vile mdomo wake ulinikaukia machoni. Hakukohoa hata kidogo, nikaona amemeza. Usiku homa ikapanda, na picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Kitu kinaweza kuteremka mapafuni bila kikohozi. Ndiyo maana asipewe chochote mdomoni, hata maji, hadi mtu anayejua apime namna anavyomeza.

Akiwekewa mpira wa kulishia puani, usiuone kama dalili ya kukata tamaa. Unampa nguvu za kupona, na dawa zote zinapita humo. Jifunze kwa muuguzi kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani: kuangalia alama ya kalamu pale mpira unapoingilia puani kila kabla ya kumlisha, kuvuta kidogo kwa bomba la sindano kuhakikisha uko tumboni, kuusafisha kwa maji baada ya kulisha. Alama ikisogea, usilishe. Meno yapigwe mswaki kila siku, hata kama hali kwa mdomo, na mate yafutwe.

Siku atakayoruhusiwa kuonja, vitu vyepesi kama maji na chai ndivyo vigumu zaidi kumeza, kwani vinakimbia. Huanzwa na kinachoshikamana: parachichi lililopondwa, mtindi mzito, mtori uliosagwa usiwe na nyuzi za nyama, uji uliokolea. Mketishe wima, mgongo umeegemea mto, kidevu kimeshuka kidogo. Tumia kijiko cha chai, nusu. Tazama koo likipanda na kushuka ndipo uchote kingine. Mwangalie ndani ya mashavu, maana chakula hujificha humo. Akipaliwa, sauti ikiwa kama ina maji ndani, au akichoka, funga bakuli. Akimaliza akae wima nusu saa.

Mwili uliolegea

Mgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala. Mwombe mtaalamu wa mazoezi tiba akuonyeshe namna ya kumketisha, kwa sababu shingo inayoyumba inataka mkono wako nyuma ya kichwa, na jeraha liko hapohapo. Kukaa huja kabla ya kusimama, na pumzi ya kuongelea inategemea kiwiliwili kilichosimama vizuri. Nilikuwa nadhani mazoezi ya kukaa ni ya miguu, kumbe yalikuwa ya sauti pia.

Tiba ya saratani isisubiri maneno

Hili nalisema kwa nguvu. Kama majibu ya maabara ni meduloblastoma na mtoto ana zaidi ya miaka mitatu, kwa kawaida hupangiwa mionzi ya ubongo na uti wa mgongo, siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki sita, pamoja na dawa za saratani. Inatakiwa ianze mapema, kwa kawaida kati ya wiki ya nne na ya sita baada ya upasuaji. Wazazi wengi, nami nilikuwa mmoja wao, husema: "Tumwache kwanza aongee, apate nguvu." Saratani haimsubiri. Kuchelewa kunapunguza nafasi ya kupona.

Kwa Tanzania mionzi hutolewa katika vituo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Kenya ipo Kenyatta, Nairobi, na Uganda ipo Taasisi ya Saratani iliyoko Mulago. Anza makaratasi ya rufaa siku majibu yanapotoka. Mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema kuhusu gharama na mahali pa kulala, maana wiki sita mjini bila ndugu ni ndefu. Pale Muhimbili, Tumaini la Maisha wanahudumia watoto wenye saratani, waulizie.

Waambie wa chumba cha mionzi kwamba mtoto hawezi kuita. Atatengenezewa kinyago cha kushika kichwa na ataachwa peke yake dakika kadhaa wakimtazama kwa kamera, hivyo waonyeshe ishara yake. Asiyeweza kutulia hupewa dawa ya usingizi.

Kuna aina nyingine ya uvimbe, astrositoma ya pilositiki, ambayo mara nyingi ikitolewa yote haihitaji mionzi. Jua jina la uvimbe wa mtoto wako, uliandike.

Sauti inaporudi

Hairudi na sentensi. Huanza na mguno, kicheko kisichotarajiwa, mluzi wa pumzi. Ukisikia chochote, kijibu kana kwamba ni neno. Usimwambie "sema mama, sema, mbona jana ulisema?" Neno la kuamriwa ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa kinachoshindikana ni kuanzisha. Neno linalokuja lenyewe kwa mazoea ni rahisi zaidi.

Lugha yetu imejaa maneno ya namna hiyo. Hodi hudai karibu, kitendawili hudai tega, na nani asiyejua pakawa hufuata nini? Bibi yake alirudi kutoka kwenye benchi, na kila jioni akaketi kitandani na kusema "Paukwa!" Kisha akanyamaza, anamtazama. Nilikuwa nimemweleza kuhusu ile hesabu ya kumi. Asipojibiwa alijibu mwenyewe taratibu, "Pakawa," akaendelea na hadithi. Wiki ya saba, jioni ya Alhamisi, midomo ilikutana, ikaachana, ikatoka "pa". Bibi hakupiga kelele. Alisema, "Ehee, mume wangu, pakawa," akasimulia hadi mwisho machozi yakimtiririka.

Ukiwa na mtaalamu wa usemi, mfuate. Ukiwa huna, na wengi wetu hatuna, anza na sauti za midomo, p, b na m, maana anaziona usoni pako. Imbeni wimbo anaoujua tangu chekechea na umwachie silabi ya mwisho. Hesabuni moja, mbili, halafu ngoja. Dakika kumi, mara tatu kwa siku, asubuhi akiwa hajachoka.

Maneno yakiongezeka utasikia usemi wa polepole, wa kuburuta, kila silabi imesimama peke yake, sauti mara juu mara chini, kama mlevi. Ni misuli isiyo na mizani. Kiswahili kinamsaidia, silabi zetu nyingi huishia na irabu na zinagongeka vizuri: ka-la-mu, gonga meza mara tatu. Mwache agonge mwenyewe kwa kidole. Avute pumzi kabla ya kila kifungu. Usimmalizie neno, wala usijifanye umeelewa kama hujaelewa. Mwambie, "Sijakusikia vizuri, nionyeshe," na mrudie ubao, ambao haumcheleweshi kusema.

Mrekodi mara moja kwa mwezi, kisa kilekile. Siku unayoona hakuna hatua yoyote, sikiliza ya miezi mitatu nyuma.

Nyumbani na shuleni

Wape ndugu zake kazi. Dada yake wa miaka tisa ndiye aliyekuwa bora kuliko sote kwa kusubiri, kwa kuwa alichukulia ni mchezo. Majirani waambie neno moja fupi, kwamba alipasuliwa ubongo, anaelewa, anasema polepole. Ukiwanyima maelezo watayatunga.

Kabla ya kurudi shule apimwe macho na masikio. Sisplatini, dawa moja inayotumika sana kwa saratani hii, inaweza kuharibu usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri ataonekana haelewi. Mionzi ya kichwa nayo inaweza kupunguza homoni za ukuaji na za tezi ya shingo, kwa hiyo urefu na uzito wake vifuatiliwe kila kliniki.

Kwa mwalimu nenda mwenyewe, usitume barua. Mwambie: akae mbele, apewe agizo moja kwa wakati, aongezewe muda wa mtihani, aruhusiwe kujibu kwa mdomo pale mkono unapotetemeka, au kwa kuandika pale ulimi unapochoka. Asiitwe ghafla asome mbele ya darasa. Aanze na nusu siku. Ubongo wake utashika mambo polepole kuliko zamani, na hilo linaweza kuonekana zaidi darasa la tatu au la nne kuliko la kwanza, masomo yanapokuwa mengi. Basi rudi kwa mwalimu kila muhula, hata kama ripoti ni nzuri, na umuulize swali moja: ukimuuliza kitu, unamsubiri muda gani?